Kusoma kwa kasi na kupitia juujuu

Mitihani ikikaribia, matangazo hurudi: jifunze kusoma kwa kasi, maliza kitabu kizima kwa saa moja. Lakini ukimwuliza aliyefuzu mafunzo hayo alikisomaje kitabu chenyewe, atakuambia alitazama vichwa vya sura, aya ya kwanza na ya mwisho, akaruka za katikati. Huko ni kupitia juujuu. Ni stadi halali, na mtu anaweza kufundishwa. Ila siyo iliyotangazwa.

Kusoma kwa kasi, kama kunavyouzwa, ni kusoma matini yote kwa kasi mara mbili, tatu au zaidi ya mwendo wa kawaida na kuelewa vilevile. Dai hili lilivuma Marekani kupitia kwa Evelyn Wood, mwalimu wa Utah aliyeanza kuuza mafunzo yake mwaka 1959. Alifundisha kupitisha mkono ukurasani huku macho yakiufuata. Hata Rais Jimmy Carter alijifunza mbinu hiyo akiwa Ikulu.

Kinachogoma ni maumbile. Macho hayatelezi juu ya mstari. Huruka, hutua takriban robo ya sekunde, yakaruka tena, na kila yanapotua huona herufi chache tu kwa uwazi. Hata hivyo si macho yanayotuchelewesha zaidi, bali akili inayotambua maneno na kuunganisha maana. Mwaka 2016 ilichapishwa tathmini ya Keith Rayner, mtafiti aliyetumia maisha yake kuchunguza macho ya wasomaji, na wenzake. Walipopitia tafiti za miongo mingi, hawakuona njia ya kuongeza kasi mara mbili au tatu bila uelewa kupungua.

Kinachoniudhi zaidi ni wanafunzi kukatazwa kurudisha macho nyuma, eti ni tabia mbaya. Msomaji hurudi kwa sababu kuna kitu hakikukaa sawa, na Kiswahili kina sababu nyingi za kumrudisha. Ukanushi wetu hukaa ndani ya neno: nitalipa na sitalipa, aliyesaini na asiyesaini. Anayefagia mkataba wa mkopo kwa mkono ataikosa silabi hiyo moja. Hata kipimo chao cha maneno kwa dakika kimetungwa kwa lugha nyingine. “Hawakutuambia” kwetu ni neno moja, lakini lina mtendaji, wakati, mtendewa na ukanushi.

Je, ni vizuri kulipia mafunzo hayo? Kama ni ya kupitia juujuu na yametajwa hivyo, sawa. Kasi ya kweli hutokana na msamiati mpana na kuijua mada: mwanasheria humaliza hukumu upesi kuliko mimi kwa kuwa mengi yaliyomo anayafahamu tayari.

Ukipewa ripoti ya kurasa 80 asubuhi ya kikao, ipitie tu, si kosa. Wakikuuliza kama umeisoma, waambie umeipitia.