Nini maana ya afisa wa jeshi kuteuliwa kuwa balozi wakati wa vita

Afisa wa jeshi anapoteuliwa kuwa balozi huku nchi yake ikiwa vitani, huacha kutoa na kupokea amri za kijeshi, akawa mwakilishi wa mkuu wa nchi yake ugenini. Asichanganywe na mwambata wa kijeshi, ambaye hubaki kuwa askari na hufanya kazi ndani ya ubalozi, chini ya balozi.

Mfano wa karibuni ni Jenerali Valerii Zaluzhnyi, aliyeongoza majeshi ya Ukraine tangu Julai 2021 hadi Rais Volodymyr Zelensky alipomwondoa Februari 8, 2024. Mwezi mmoja baadaye ilitangazwa kwamba amependekezwa kuwa balozi nchini Uingereza. Pendekezo pekee halikutosha, kwa sababu kifungu cha 4 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaohusu uhusiano wa kidiplomasia, kinaitaka nchi inayotuma balozi ipate kwanza ridhaa ya nchi itakayompokea, nayo inaweza kukataa bila kueleza sababu. Uingereza iliridhia, Mei 2024 jenerali akaachishwa utumishi wa jeshi kwa sababu za kiafya na kuteuliwa rasmi kwa amri ya rais, na Julai akaanza kazi London.

Wengi waliuona uteuzi huo kuwa njia ya kumweka mbali mtu aliyependwa mno na wananchi, na ambaye alikuwa ametofautiana na rais kuhusu mwenendo wa vita. Hoja hiyo ina uzito, lakini kwa maoni yangu haimalizi jambo. Uingereza huipa Ukraine silaha na kuwafunza askari wake, na anayekwenda kuomba makombora husikilizwa zaidi akiwa ameshuhudia mwenyewe mizinga ikiishiwa risasi.

Cheo nacho kina heshima yake. Mwishoni mwa 1940, Marekani ikiwa bado haijaingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Rais wake Franklin Roosevelt alimchagua Admirali mstaafu William Leahy kuwa balozi kwa serikali ya Ufaransa iliyokuwa na makao katika mji wa Vichy baada ya nchi hiyo kushindwa na Ujerumani, kwa kutarajia kwamba kiongozi wake, Marshali Philippe Pétain, angemheshimu mwanajeshi mwenzake. Jukumu lake kubwa lilikuwa kuhakikisha manowari za Ufaransa haziangukii mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1942 aliitwa nyumbani, akavaa tena sare, akawa mnadhimu mkuu wa Roosevelt mwenyewe.