Dakika ambayo haijaandikwa hailipwi: bili za dripu, nebulaiza na muda wa daktari kwenye kliniki za watoto Marekani

Jamani tuongee hili la dakika, maana kleimu (madai ya malipo tunayotuma kwa bima) zinarudi na sababu ni ileile, nesi kaandika "dripu imewekwa, mtoto anaendelea vizuri" basi, hakuna saa ya kuanza wala ya kumaliza. Sisi watu wa bili haturuhusiwi kukisia. Kwa bima, kama haiko kwenye chati haikufanyika.

Naanza na dripu ya maji kwa sababu hapo ndo panasumbua zaidi. Mtoto katapika tangu jana, midomo imekauka, daktari kaagiza maji ya mshipa. Namba yake ya CPT (zile namba za huduma zinazotolewa na AMA, chama cha madaktari cha Marekani) ni 96360 na inahitaji angalau dakika 31. Maji yakienda dakika 30 au chini ya hapo huitozi kabisa, hata kama mshipa ulitafutwa mara nne mtoto analia na mama naye analia, maana saa inaanza kuhesabu maji yanapoanza kuingia mwilini, sio unapofungua pakiti ya sindano. Namba ya nyongeza ni 96361, nayo unaipata tu ukizidisha dakika 30 juu ya ile saa ya kwanza.

Sasa angalia. Dripu imeanza saa 4:05 asubuhi, ikatolewa saa 5:32. Hizo ni dakika 87, unatoza 96360 peke yake. Ingetolewa saa 5:36 zingekuwa 91, na hapo 96361 inaingia. Sisemi dripu iachwe inin'ginie ili bili inenepe, huo ni wizi, maji yanafuata agizo la daktari. Nachosema andika muda halisi, kwa sababu ukiandika "kama saa moja na nusu hivi" umesema 90, na 90 haifiki.

Dawa kama antibayotiki ikipita kwenye dripu ni habari nyingine, 96365 inataka dakika 16 na kuendelea, ikienda 15 au pungufu inahesabiwa kama sindano ya kusukuma mshipani, 96374. Na kama maji yanaenda sambamba na dawa, dakika hizo za maji huzihesabu tena.

Nebulaiza (mashine ya kumvutisha mtoto dawa kama mvuke) inachanganya wengi wakidhani nayo ni ya dakika. 94640 ni ya tiba, sio ya muda, na ukirudia siku hiyohiyo unaweka modifaya 76 (modifaya ni alama inayoongezwa kwenye namba ya huduma, hii inasema huduma imerudiwa), ingawa kuna bima zinazolipa moja tu kwa ziara kwahiyo soma mkataba kwanza kabla hujagombana nazo kwenye simu. Ikiwa ni ya mfululizo saa nzima ndo unaenda 94644, kila saa inayoongezeka ni 94645.

Halafu kuna muda wa daktari mwenyewe. Tangu 2021 anaweza kuchagua kiwango cha ziara kwa jumla ya dakika zake za siku hiyo: kwa mgonjwa wa zamani, yaani aliyeshaonwa hapo kabla, namba ya ziara 99213 inaanzia dakika 20, 99214 inaanzia 30, 99215 inaanzia 40. Kuandika chati na kumpigia spesholisti siku hiyohiyo vinaingia. Kusoma faili jana usiku hakuingii, dakika za nesi haziingii, na kazi yoyote unayoitoza kwa namba yake pembeni unaitoa kwenye hesabu. Hapa ndo naona watu wanakosea bila nia mbaya, mtoto kakaa kliniki masaa mawili basi daktari anaandika dakika 60, kumbe muda mwingi alikuwa chumba kingine na wagonjwa wengine.

Ziara na dripu zikiwa siku moja usisahau modifaya 25 kwenye ziara, kuonyesha kuwa ziara ni huduma ya peke yake. Na tafadhali saa za ukutani zilingane na za kompyuta, tumeshapokea chati ambayo dripu ilitolewa kabla haijawekwa.