Je, wajua programu za kompyuta nazo hubipiana?

Mama mdogo wangu anauza dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Mzigo wake unatoka Ukerewe, na mtu wake wa kule hana haja ya kupiga simu na kuongea. Anabipu. Bipu moja, mzigo umepakiwa. Bipu mbili, ziwa limechafuka, leo usisubiri. Simu inaita, inakata, hakuna neno lililosemwa, na mama mdogo ameshajua la kufanya kwa sababu walipatana mapema.

Ndani ya kompyuta mambo ni hayo hayo. Programu iliyo kazini huitwa mchakato, na kila mchakato umefungiwa kwenye eneo lake la kumbukumbu. Hauwezi kuingia la mwenzake hivi hivi, kwa hiyo ukitaka kumshtua jirani unapitia kwa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima. Kwenye mifumo endeshi ya Unix na Linux, njia fupi kuliko zote ni ishara: namba tu, 1 hadi 31 kwa zile za kawaida. Haibebi maneno.

Ukibonyeza Ctrl+C kwenye dirisha la amri, vile vitufe havizimi programu. Mfumo endeshi unaipelekea ishara namba 2, SIGINT. Kama programu haikujiandaa, inafungwa. Kama ilijiandaa, inaacha ilichokuwa inafanya, inakimbilia kipande kilichoandikwa kwa ajili ya ishara hiyo, na ikikimaliza inaweza kurudi pale pale ilipoachia.

Maana, basi, iko kwenye makubaliano. Ishara namba 1, SIGHUP, ilitokana na zama ambazo watu walifikia kompyuta kubwa kwa laini ya simu: laini ikikatika, programu zilipewa taarifa. Programu zinazokesha nyuma ya pazia, kama zile za kuhudumia tovuti, hazina laini ya kukatika. Nyingi zikaipa namba hiyo kazi nyingine: soma upya mipangilio yako. Na mbili, SIGUSR1 na SIGUSR2, ziliachwa wazi makusudi ili mwandishi wa programu azipe maana aitakayo.

Ila kuna mahali bipu inaizidi ishara. Simu ya mama mdogo huhesabu: ukimbipu mara tatu ataziona zote tatu. Mchakato ukiwa umezuia ishara fulani kwa muda, hata ukitumiwa ishara hiyo mara kumi, ukija kuifungulia utaikuta moja. Ndiyo maana usihesabu kitu kwa ishara hizi za kawaida. Za kushtua, sawa. Za kuhesabu magunia, hapana.

Magunia nayajua vizuri. Niliandika programu ndogo ya kurekodi uzito wa mizigo ya mama mdogo. Jioni moja programu hiyo ikawa nzito, nami nina haraka, nikaandika amri ya kill -9. Jina la amri hiyo linapotosha watu, maana kazi yake ni kutuma ishara tu. Ukiiacha bila namba, inatuma 15, SIGTERM, ambayo ni ombi: funga kazi, hifadhi vyako, uondoke. Namba 9, SIGKILL, haiombi. Programu haiwezi kuipokea, kuizuia wala kuipuuza. Mfumo endeshi wenyewe unaiondoa. Rekodi zilizokuwa bado kwenye kumbukumbu, hazijaandikwa kwenye faili, zikapotea nayo.

Kesho yake asubuhi tulipima upya magunia saba, mama mdogo akisoma mizani, mimi nikiandika kwenye daftari. Nilipofika nyumbani niliongeza kipande cha kupokea namba 15: kinainua alama moja tu, na programu ikiiona inahifadhi kila kitu ndipo inafunga. Siku hizi natuma 15, nasubiri sekunde kumi. Namba 9 naigusa pale tu ombi lisipojibiwa.