Utambulisho wa Wazanzibari: Dhana Potofu Kuhusu Waliotutawala

Dhana: Uislamu na Kiswahili vililetwa Unguja na Pemba na watawala kutoka Omani.

Ukweli: Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, zaidi ya karne saba kabla ya Seyyid Said, sultani wa Omani, kuhamishia makao yake Unguja. Wareno nao walituachia maneno kama meza na gereza, lakini lugha iliyoyapokea ilikuwa na wenyewe tayari.

Dhana: Mtu kuwa Mwarabu, Mshirazi (anayejinasibisha na Shirazi, Uajemi), Mswahili au Mwafrika ni suala la nasaba tu, lisilobadilika.

Ukweli: Dhana hii ndiyo iliyotuumiza zaidi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, miaka saba baada ya visiwa kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza, wengi waliokuwa watumwa walianza kujiita Waswahili, na wanawake miongoni mwao wakaacha kaniki, nguo nyeusi iliyohusishwa na utumwa, na kujifunga kanga. Baadaye jina hilo lenyewe likahusishwa na utumwa, hata idadi ya waliojitambulisha kwalo ikashuka mno kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, huku wengi wakichagua majina mengine, likiwamo la Mshirazi. Waingereza hawakuyabuni majina haya, ila waliyafungamanisha na haki za mtu: viti vya Baraza la Kutunga Sheria, lililoanzishwa mwaka 1926, viligawiwa kwa kufuata asili, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulitegemea mtu ameandikwa kuwa nani. Kwa maoni yangu, aliyebadilisha jina ili wanawe wapate wali hastahili kuitwa mwongo, kwa kuwa daftari lenyewe ndilo lililomlazimisha kuchagua.

Dhana: Taarab ni muziki wa kasri tulioachiwa na masultani.

Ukweli: Ni kweli kwamba Sultani Barghash aliipokea kutoka Misri, na kwamba mwanzoni iliimbwa kwa Kiarabu. Hata hivyo, aliyeifikisha kwa watu wengi kwa Kiswahili ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mtoto wa watumwa, aliyeuza vyungu kabla ya kuimba, na ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri.