Kinywaji cha kuongeza nguvu kisicho na sukari nacho hudhuru meno

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba kinachoharibu meno katika vinywaji vya kuongeza nguvu ni sukari peke yake, na kwa hiyo anayechagua kopo lisilo na sukari hujiona yuko salama. Imani hiyo ina ukweli nusu tu. Sukari hulisha bakteria wa kinywani, nao hutoa asidi inayotoboa meno. Lakini kinywaji chenyewe tayari kina asidi, hasa ya sitriki, iwe kimetiwa sukari au hakikutiwa. Enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, huanza kupoteza madini pale pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, inaposhuka chini ya 5.5 hivi, ilhali vinywaji hivi vingi huwa na pH ya kati ya 3 na 4. Enameli iliyokwisha kulika haioti tena.

Dereva wa usiku anayenywa funda mojamoja kwa saa tatu hujiumiza zaidi kuliko anayemaliza kopo wakati wa chakula, kwa sababu mate, ambayo ndiyo kinga yetu ya asili, hayapati nafasi ya kuizimua asidi na kuyarudishia meno madini. Wala kupiga mswaki papo hapo si dawa, kwani enameli iliyolainika husuguliwa kwa urahisi; ni afadhali kusukutua kwa maji, kisha kusubiri angalau nusu saa.