Waje na inhela zao

Nimealikwa tena "kutoa elimu ya pumu". Ukumbi wa watu 80, projekta, dakika 45, maswali mwishoni. Nikauliza kama washiriki watakuja na inhela zao, vile vifaa vya kuvutia dawa ya pumu. Aliyenialika akashangaa kana kwamba nimesema waje na vitanda. "Aa, Sista, wewe waelimishe tu."

Hiyo "tu" imenichosha. Inatokana na imani kwamba mwenye pumu anabanwa kwa sababu hajui. Akielezwa, mambo yamekwisha. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yamelipima jambo hili zaidi ya miaka 20 iliyopita: programu za kutoa maelezo peke yake hazikupunguza kulazwa hospitalini. Zilizopunguza ni zile ambazo mgonjwa anajifuatilia mwenyewe, anaonwa na mhudumu mara kwa mara, na ana mpango wa hatua ulioandikwa, yaani karatasi inayomwambia afanye nini dalili zikizidi.

Nina mama mmoja kliniki, pumu anaishi nayo miaka tisa. Ukimuuliza vichochezi atakutajia, ukimuuliza tofauti ya dawa ya kutuliza na ya kukinga atakufundisha na wewe. Siku moja nikamwambia, "Haya mama, nionyeshe." Akatikisa inhela, akaiweka mdomoni, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, ndipo akabonyeza. Wingu jeupe likamtoka pembeni mwa midomo. Miaka tisa dawa inaishia kwenye ulimi! Na mimi nilikuwa nimeshamwandikia "elimu imetolewa" kwenye faili lake, mara mbili.

Sasa hapa ndipo mabango ya ukutani yanaponitia hasira: "Vuta pumzi kwa nguvu." Kwa inhela ipi? Ya kubonyeza inatoa dawa kwa kasi yake yenyewe. Ukivuta kwa pupa, dawa inagonga koo na kubaki hapo. Unatoa pumzi kwanza, unaanza kuvuta taratibu, unabonyeza mvuto ukiwa ndiyo umeanza, unaendelea kuvuta kwa sekunde tatu hadi tano. Ya unga ni kinyume kabisa. Yenyewe haina msukumo, pumzi yako ndiyo inayoupasua unga ule uwe laini wa kufika chini, kwa hiyo vuta haraka na kwa nguvu tangu mwanzo, na usipulize ndani yake maana unyevu unaugandisha unga. Halafu mgonjwa mmoja anapewa zote mbili, moja ya kutuliza na moja ya kukinga, pamoja na bango lile lile. Anachanganya, tunamwandika "hafuati maelekezo".

Mengine haraka haraka: zuia pumzi sekunde 10 au uwezavyo, sukutua mdomo baada ya steroidi (ile dawa ya kukinga), tumia spesa, yaani chupa ya kupitishia dawa, kwa inhela ya kubonyeza. Na tafadhali acheni kuelekeza watu waitumbukize inhela kwenye maji waone kama inaelea ili wajue kama dawa imebaki. Haipimi chochote. Wahesabu dozi.

Dakika zinazobaki zitumike kuzungumzia hofu ya steroidi. Sisemi tuiondoe kwa hotuba. Muulize mtu anaogopa nini hasa, kisha mwonyeshe kwamba ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu, wakati vidonge alivyowahi kumeza siku ya kuzidiwa ni miligramu. Hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu, GINA, haishauri tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa inhela ya bluu (ile ya kutuliza) peke yake. Bado nakutana na slaidi zinazofundisha "ukibanwa, bluu" na kuishia hapo.

Na mpango wa hatua usiwe "ukizidiwa nenda hospitali". Kila mtu huzidiwa kwa namna yake. Nataka uandikwe kwa maneno yake mwenyewe: nikiamka usiku nafanya hivi, nikishindwa kumaliza sentensi natumia dawa na kuondoka sasa hivi.

Nikiri mambo mawili. Nilifundisha miaka kadhaa kabla ya mwenzangu kuniambia nionyeshe mimi, na nikasahau kutoa pumzi kwanza. La pili ni kwamba nikiona mgonjwa ametulia, sijui nimshukuru nani: mafunzo, ile karatasi, au kule kujua tu kwamba kuna mtu atamuuliza mwezi ujao. Wala anachonionyesha kliniki si lazima ndicho anachofanya saa nane za usiku.

Ila najua makosa hurudi ndani ya wiki nne hadi sita. Kwa hiyo nimemjibu aliyenialika: watu kumi kwa zamu, kila mmoja na inhela anayoitumia, na tarehe ya kurudi iandikwe kabla hajatoka mlangoni. Projekta wabaki nayo. Mimi wanitafutie meza, kioo cha mtu kujiona akivuta, na inhela tupu za mazoezi.