Pimbilii na pumbuluu: maneno ya Siwu yanayoonyesha

Tamka mukumuku polepole, midomo ikifumba kila ufikapo kwenye m. Ukishalitamka, umekwisha kuigiza maana yake: katika lugha ya Siwu, hivyo ndivyo kibogoyo anavyotafuna.

Siwu husemwa na watu wasiofika laki moja, kaskazini mwa mji wa Hohoe, mashariki mwa Ghana, karibu na mpaka wa Togo. Mababu zao walisifika kwa kuyeyusha chuma. Watu ni Mawu, nchi yao Kawu, lugha Siwu. Msomaji wa Kiswahili ameshaelewa: shina moja, viambishi vitatu, kama tusemavyo Waganda, Uganda, Kiganda. Siwu si ya Kibantu, ila ni ya ukoo uleule mpana wa Niger-Kongo, na ngeli zake ni ushahidi wa undugu huo wa mbali. Enzi za ukoloni wa Wajerumani, wanaisimu waliziita lugha za eneo hilo “mabaki” ya Togo. Jina baya kweli.

Kinachowashinda wengi mwanzoni ni kp na gb. Usitamke k kisha p. Funga midomo na nyuma ya ulimi kwa pamoja, uachie kwa pamoja. Msemaji wa Kilugbara, lugha ya Uganda na Kongo, hahitaji somo hili, wala mwenyeji wa Gbadolite, mji wa kaskazini mwa Kongo: sauti hizo wanazo tayari. Irabu ni saba: tano zetu, pamoja na e na o za mdomo wazi zaidi. Halafu kuna toni, na hapo sikio la Mswahili hutaabika, maana sisi hatubadili maana ya neno kwa kupandisha sauti.

Lakini utamu wa Siwu uko kwenye tanakali sauti. Na sisi tunazo: nyeupe pepepe, giza totoro, lala fofofo, nyamaza jii. Tofauti ni kwamba zetu nyingi zimefungwa kwa neno moja. Pepepe haendi popote bila weupe. Za Siwu ni huru zaidi, nazo hazishiki sauti za vitu tu. Zipo za umbo, mng’ao, mwendo, ladha, hata ukimya: kananaa. Gelegele ni kung’aa, fututuu ni weupe usio na doa. Pimbilii ni kitumbo kidogo. Badilisha irabu, pumbuluu, tumbo limefura. Msemaji akitaka hulirefusha neno, hulirudia, mkono nao ukichora hewani.

Usidhani ni mapambo ya ngano za watoto. Mark Dingemanse, mwanaisimu Mholanzi aliyezichunguza kwa miaka mingi, aliwarekodi wanaume wakitengeneza baruti ya kupigia mizinga msibani, wakijadiliana kwa tanakali hizi unga uwe laini kiasi gani. Hapo ni istilahi za ufundi, kama fundi seremala anavyozungumzia msasa.

Yeye na wenzake pia waliwasikilizisha Waholanzi tanakali za lugha tano, Siwu ikiwamo, wakakisie maana. Walipatia zaidi kuliko ambavyo bahati peke yake ingewapa, ingawa si kwa tofauti kubwa. Sishangai kwamba haikuwa kubwa. Wale walipewa sauti tu. Msemaji wa Siwu ana sentensi, uso, mkono, na mwenzake aliyekaa mbele yake na kiganja cha baruti.